Mbwa Aliyekatazwa Njia ya Chini

Kaeni. Kaeni wote. Na wewe uliyesimama pale mlangoni kama mtu anayengoja gari, kaa. Leo sina mahubiri marefu. Nina hasira, na hasira ikikaa sana inachacha, kwa hiyo nitaitoa mapema. Nitawapa mfano. Nimeutunga mwenyewe juzi nikipanda mlima kuja huku, kwa hiyo msianze kunong'onezana kwamba huyo ni fulani na yule ni fulani. Msimtafute mtu kwenye benchi la mbele. Sikilizeni tu, na saa zenu ziacheni mikononi, hazikimbii.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mzee wa kanisa, aliyeishi milimani katika kijiji cha wakulima wa tangawizi. Mke wake alikuwa amefariki. Watoto walikuwa mijini, wakipiga simu Jumapili jioni na kuuliza afya. Ndani ya nyumba alibaki yeye na mbwa wake, jike mwenye rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala, aliyemwita Doria. Alimpenda mbwa yule. Hakumwambia mtu, maana kwetu mtu mzima kusema anampenda mbwa ni kujitafutia maneno, lakini asubuhi alichemsha dagaa wa Doria kabla hajabandika chai yake mwenyewe.

Mzee huyu alikuwa na kisukari, na hospitali walimwambia atembee saa nzima kila asubuhi, asilete visingizio. Akatembea, yeye na Doria. Sasa mnisikilize vizuri habari za njia, maana hapo ndipo mfano ulipo. Ukitoka kwake unafika njia panda. Kulia ni barabara ya juu, pana, imemwagwa changarawe, inapita dukani, inapita shule aliyofundisha, inafika kanisani. Huko kila mtu atakuamkia. Kushoto ni njia ya chini. Inashuka katikati ya mashamba ya tangawizi, inapita nyumba moja tu, inavuka kijito na kutokea nyuma ya kanisa hilohilo. Urefu ni uleule. Mzee alipita kulia. Miaka miwili, kila asubuhi ya Mungu, kulia.

Kwa nini? Kwa sababu ya ile nyumba moja.

Aliishi humo mama mmoja, Mama Nakijwa. Zamani alikuwa sauti ya pili ya kwaya, na si ya pili ya kujazia nafasi. Yeye ndiye aliyewashikilia wengine wasipotee. Binti yake Nakijwa alipata mimba akiwa kidato cha tatu. Baraza la wazee likakaa. Likasema binti asimame mbele ya kanisa aungame, la sivyo mama yake asimweke nyumbani. Binti akasema hasimami. Mama akaitwa, akaulizwa, akajibu maneno machache: "Huyu ni mtoto wangu. Nimfukuze aende kulala wapi?"

Kwa jibu hilo alitengwa yeye. Sikieni hilo. Hakuzini, hakuiba, hakumsengenya mtu. Alikataa kumtupa mtoto nje, na sisi watu wa Mungu tukamtupa yeye. Samahani, nimesema sisi. Nilitaka kusema wao. Mwalimu mstaafu ndiye aliyesimama akasoma jina lake mbele ya watu, kwa sauti ileile aliyoitia shule nzima majina kwa miaka thelathini. Na Jumatatu yake alikwenda nyumbani kwake kuchukua joho la kwaya. Mama Nakijwa alikuwa amelifua na kulipiga pasi. Alimkabidhi kwa mikono miwili.

Hakuna aliyetangaza kwamba asitembelewe. Nenda katafute kwenye kumbukumbu za vikao vyote, hutaona mahali palipoandikwa. Watu waliacha tu kwenda. Mmoja alisema anaogopa kusemwa, mwingine akasema atakwenda wiki ijayo, na njia ya chini ikaanza kuota majani.

Aliyeendelea kwenda ni mbwa.

Siku zile Doria alitembea bila kamba. Wakifika njia panda, mzee anakunja kulia, Doria anachomoka kushoto, anapotea nusu saa, halafu wanakutana nyuma ya kanisa, mbwa ananuka moshi na tangawizi na mdomo umepakaa ugali. Mzee alijua. Mwanzoni alijifanya haoni. Lakini siku moja dukani mtu akamtania mbele ya watu: "Mwalimu, mbona mbwa wa mzee wa kanisa anakula na waliotengwa?" Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, kicheko cha shingo upande, akaenda moja kwa moja kununua mnyororo.

Mnacheka? Chekeni. Mzee alimtenga hata mbwa!

Tangu siku hiyo Doria alitembezwa kwa mnyororo, barabara ya juu kwenda, barabara ya juu kurudi. Kila wakifika njia panda mbwa anaelekeza pua kushoto na kuvuta, na mzee anamfokea, "Twende huku! Doria! Huku!" Ikapita miezi. Mbwa akaacha kuchangamka. Akawa anatembea kama mtu anayepelekwa kwenye kikao. Halafu akaanza kujitafuna mguu wa mbele, kwanza manyoya, kisha ngozi, hadi kukawa na kidonda chekundu kisichokauka.

Mzee alijaribu dawa ya kienyeji, akajaribu mafuta ya ng'ombe, akajaribu kufunga kitambaa. Mbwa alikula kitambaa. Mwisho alikuja daktari wa mifugo, binti mdogo aliyetumwa wilayani juzijuzi, akichanja mbwa wa vijijini. Akamwamkia mzee vizuri, akachuchumaa, akaushika ule mguu, akaugeuza, akaangalia meno, akaangalia macho.

"Mzee, huyu haumwi ugonjwa," akasema. "Amechoka akili."

"Mbwa ana akili ya kuchoka?"

"Anayo. Mbwa anasoma kwa pua. Ukimpitisha njia ileile kila siku ni kama kumpa mtu gazeti la mwaka juzi, na kesho ulilete lilelile. Mbadilishie njia. Hapa kuna njia ngapi za kutembea?"

"Moja," akasema mzee wa kanisa.

Binti akanyoosha kidole kushoto. "Na ile ya chini?"

"Ile imeharibika. Haipitiki."

"Mimi nimekuja kwa njia hiyo na pikipiki," akasema yule binti. Hakuwa mjuvi. Hakujua lolote, ndiyo kwanza afike. "Tena kuna mama nimemkuta mlangoni, hawezi kunyanyuka, ndiye aliyenielekeza kwako. Akaniuliza Doria anaendeleaje."

Mzee akasema ataangalia.

Sasa niwaambie alivyoangalia, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Siku ya kwanza alibadilisha saa. Badala ya kutoka saa kumi na mbili akatoka saa mbili. Barabara ya juu. Siku ya tatu akanunua mkanda mpya wa shingo, mwekundu. Barabara ya juu. Wiki ya pili akapata akili kubwa zaidi: akamzungusha Doria nyuma ya nyumba yake, wakapenya shamba la jirani, wakatokea kanisani na kurudi nyumbani kwa barabara ya juu, kinyume na walivyozoea. Akajipongeza. Njia mpya hiyo! Mbwa akamtazama, akalala chini katikati ya changarawe, akaanza kutafuna mguu.

Je, hamjamjua mtu huyu? Si ndiye anayesema kanisa limepoa, basi tupake rangi? Si ndiye anayeshona sare mpya za kwaya, anayehamisha matangazo kutoka mwisho wa ibada kuyaweka mwanzo? Tunabadilisha saa. Tunabadilisha mkanda wa shingo. Njia haibadiliki.

Na mzee alikuwa na jambo jingine ambalo sijawaambia. Ndani ya jalada la kitabu chake cha nyimbo kulikuwa na barua. Mchungaji mpya wa pale alikuwa amegombana na baraza lake mwezi mzima, na wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi baraza likakubali: Mama Nakijwa arudishwe kundini, bila masharti, bila kusimamishwa mbele ya watu. Barua ikaandikwa, ikasainiwa, ikapigwa muhuri. Mnajua desturi yetu. Barua ya namna hiyo haitumwi kwa simu wala haipewi mpita njia. Mzee wa kanisa wa mtaa huo anaipeleka kwa mkono wake, na mpaka aifikishe, neno halitoki nje ya kikao. Barua akapewa yeye.

Ilikaa kwenye kitabu cha nyimbo wiki kumi na moja. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mtu mbaya, ingenirahisishia kazi. Aliona haya tu. Kila Jumamosi alisema kesho nikitoka kanisani nitapita. Kila Jumapili akakumbuka lile joho lililopigwa pasi, akakunja njia ya juu. Aliimba huku barua iko chini ya kidole chake gumba.

Kidonda cha Doria kikaanza kunuka. Mzee akampigia binti wa mifugo, na binti akamjibu bila kuzunguka: "Kidonda kikiingia kwenye mfupa, mzee wangu, nitakuja na sindano ya mwisho. Njia umembadilishia?"

Mzee akaiweka simu juu ya meza. Doria alikuwa amelala kwenye mkeka wa marehemu mke wake, akijilamba. Mzee akamtazama muda mrefu. Akalia, nawaambieni. Hakuwa amelia kwa ajili ya Mama Nakijwa hata siku moja, lakini kwa mbwa alilia. Basi akavaa koti, akachukua kitabu cha nyimbo, akachukua mnyororo. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, mwezi wa sita, baridi inayoingia kwenye magoti. Wakafika njia panda. Safari hii hakusema huku.

Mbwa mwenye mguu mbovu alimburuta mwalimu kama mwanafunzi mtoro anayerudishwa shule. Majani ya kando ya njia yalikuwa yamefika kiunoni. Alivuta, akapiga chafya, akanusa kila jiwe, mkia ukarudi kufanya kazi yake. Mzee alikuwa akiteleza nyuma, akishika mashina ya tangawizi.

Mama Nakijwa alikuwa amekaa mlangoni juu ya kigoda, mguu mmoja ameunyoosha, fimbo kando. Alianguka shambani mwezi wa kumi na moja, nyonga ikavunjika, ikajiunga vibaya. Nakijwa alikuwa mjini na mtoto wake, akifanya kazi ya kushona, akituma alichopata. Jirani wa ng'ambo ya kijito, Mwislamu, ndiye aliyemchotea maji. Kando ya mlango palikuwa na bakuli la bati, limeoshwa, limefunikwa lisijae mvua. Doria akaenda kwenye bakuli, akalisukuma kwa pua.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema mama. Adabu yake hakuitupa.

"Marahaba, Mama Nakijwa. U hali gani?"

"Unaniona."

Mzee akangoja aambiwe karibu. Hakuambiwa. Ninyi mnajua uzito wa hilo. Kwetu hata mgambo aliyekuja kukukamata unamkaribisha kwanza. Mzee akasimama kwenye manyunyu, akatoa ile barua. Kona zilikuwa zimeliwa kwa kushikwashikwa.

"Nisomee. Miwani yangu ilivunjika siku ile ile niliyovunjika mimi."

Akasoma. Kwamba baraza limekaa, kwamba amerudishwa katika kundi, kwamba anakaribishwa mezani pa Bwana kama wengine wote. Akasoma tarehe.

"Rudia hapo."

"Kundini?"

"Tarehe."

Akarudia tarehe. Mama Nakijwa akahesabu kwa vidole juu ya goti lake, polepole, wiki hadi wiki.

"Hiyo ni kabla ya Matawi."

"Ndiyo, mama."

"Pasaka nilikaa hapa hapa," akasema, na sauti yake haikupanda. Ingepanda ingekuwa nafuu. "Kengele ikapigwa. Mkaanza kuimba. Nikasikia sauti ya pili inapotea kwenye ubeti wa tatu, ikaniuma, nikawasaidia kutokea hapa mlangoni. Chinichini, nisije nikasikika nikasemwa naimba nikiwa nimetengwa. Kumbe siku hiyo nilikuwa wenu."

"Nilibanwa na shughuli, Mama Nakijwa."

"Shughuli ya kutembeza mbwa."

Mzee akaikunja barua.

"Unadhani sikusikia? Hapa hadi njia panda ni hatua mia mbili. Kila asubuhi namsikia anavuta mnyororo, namsikia analia, nakusikia unamfokea. Nasema moyoni, leo mbwa atashinda. Kila asubuhi nasema, leo atashinda." Akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Mfungue."

Mzee akainama akamfungua Doria. Mbwa akapita kando ya kigoda, akaingia ndani, akajilaza karibu na mafiga mahali ambapo palionekana wazi kuwa ni pake. Mzee naye akainua mguu kukanyaga kizingiti.

"Wewe sijakukaribisha," akasema Mama Nakijwa.

"Mama Nakijwa, kuna baridi."

"Najua. Kaa hapo kwenye jiwe. Nikikuita utaingia. Sijui ni lini. Mimi nilikaa miaka miwili."

Akakaa. Mzee wa kanisa, mwalimu wa watu, alikaa nje kwenye jiwe lililolowa, mnyororo mtupu mkononi, akisikia ndani mama yule anaongea na mbwa, anamuuliza habari za mguu.

Mfano wangu unaishia hapo. Msinitazame hivyo. Kama aliitwa au hakuitwa, sijui. Mguu wa Doria ulipona, hilo nawapa, nendeni nalo nyumbani mkamsimulie daktari wa mifugo.

Lakini sisi? Nimeona mlivyotikisa vichwa. Mmemkasirikia mzee yule, na ni rahisi, maana hana jina. Basi nitawauliza, na nitauliza kwa Kiswahili chepesi. Tulipotoka hapa Jumapili iliyopita tulipita wapi? Wote, watu mia tatu na zaidi, tulikunja kulia. Kushoto kwa kanisa hili kuna njia, si ya kutunga. Ina majani. Nimekwenda kuyaangalia jana kwa macho yangu. Nani kati yetu anajua nani anaumwa kule? Nani anajua kama yule dada tuliyemtenga mwaka jana ana maji ndani? Tunajua bei ya tangawizi ya kila mnada, hatujui hilo!

Na msidhani nanyoosha kidole kutoka mahali pasafi. Nilipofika ofisini nikitaka kuuandika mfano huu, nilifungua kabati kutafuta kalamu. Nikakuta barua tatu. Tatu. Zina muhuri, zina majina ya watu waliokuwa wakikaa kwenye mabenchi haya. Moja ni ya tangu Kwaresima. Saini iliyoko chini ni yangu. Niliziandika, nikasema wazee watazipeleka. Wazee walisema mchungaji hajatukabidhi. Mimi nilikuwa na semina, wao walikuwa na mavuno, na kuna watu watatu waliosikiliza kengele yetu leo wakidhani haiwaiti. Nimekasirika, ndiyo. Nimekasirika tangu nilipolifungua hilo kabati, na wa kwanza niliyemkasirikia nilimkuta kwenye kioo cha mlango wake.

Kwa hiyo leo sitawapa baraka humu ndani. Mzee wa zamu, usiende kwenye kamba ya kengele, kaa. Kwaya, msiimbe wimbo wa kutoka. Barua hizi hapa, ziko mkononi mwangu, mnaziona. Tutatoka kwa mlango ule mkubwa, na tukifika nje tutakunja kushoto. Wenye viatu vya gharama vivueni. Wanaotaka kwenda kulia wana ruhusa, barabara ni pana, wataamkiwa vizuri.

Baraka ya leo nitaisema kule chini, kwenye mlango wa kwanza. Nitaisemea nje, kwenye majani, na ninyi mtaipokelea nje pamoja nami, mpaka mwenye nyumba aseme karibu.